Wifi yangu anataka nusu ya dozi yangu, nami naogopa kuitwa mchoyo

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi na familia ya mume wangu huko Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na riziki yangu naipata kwa kuuza mitumba katika soko la Kiboriloni. Mume wangu huongoza wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro, na katika msimu huu wa wageni wengi hushuka na kundi moja, akabadilisha nguo, akapanda na jingine. Kwa hiyo mambo ya nyumbani tunayaamua sisi wanawake watatu tuliobaki, yaani mama mkwe, wifi yangu ambaye ni mdogo wa mwisho wa mume wangu, na mimi.

Hivi karibuni niliugua. Mkojo ulianza kuniwaka nikapuuza, nikidhani ni joto la sokoni na kutokunywa maji, hadi nikashikwa na homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya kiuno upande mmoja, nikashindwa hata kufungua belo. Nilikwenda kituo cha afya, nikapimwa mkojo, na tabibu akanieleza kwamba maambukizi ya njia ya mkojo yamepanda hadi kwenye figo. Aliniandikia siprofloksasini, yaani antibayotiki, dawa ya kuua vijidudu, ya miligramu 500, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku saba. Fedha niliyolipa nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya mzigo mpya. Wakati wote niliokuwa kitandani, aliyenikanda kwa maji, akawaandaa watoto kwenda shule na kunipikia mtori ni wifi yangu huyo huyo nitakayekueleza habari zake.

Sasa nimeshavuka nusu ya dozi, homa imeondoka na kiuno kimetulia. Ndipo tatizo lilipoanza. Wifi yangu ni mjamzito, mimba inakaribia miezi mitano, na baba wa mtoto hajaonekana nyumbani kwa posa wala kwa salamu. Naye sasa analalamika kwamba mkojo unamwaka na kwamba anakwenda chooni kila baada ya muda mfupi. Mama mkwe alipoona nimeanza kula vizuri, alisema mbele yetu sote kwamba vidonge vilivyobaki nimpe mwenzangu, kwa kuwa ugonjwa ni ule ule, na kwamba dawa ikimkuta mtu aliyekwisha kupona hugeuka sumu mwilini. Wifi hakuomba kwa mdomo wake, lakini hakukataa pia. Nilipomwambia twende wote kliniki, alijibu kwamba hana fedha, na tena hataki kwenda kule kuulizwa maswali. Anachokunywa ni vidonge vya kuongeza damu alivyojinunulia dukani.

Mshauri, mama mkwe si mtu mbaya. Ana kopo la majani ya chai ambamo huhifadhi kila kidonge kilichobaki katika nyumba hii, zikiwemo zile kapsuli za rangi mbili ambazo hufunguliwa na kumwagwa juu ya kidonda cha mtoto, na jirani akiugua usiku huja kwake. Yeye mwenyewe ana kisukari na hunywa vidonge vyake kila asubuhi bila kukosa. Hata mimi amenihurumia: kwa kuwa dawa hii inanipa kichefuchefu na kiungulia, anasema dawa kali hainywewi kwa maji matupu, hivyo kila jioni hunichemshia kikombe cha maziwa ya ng'ombe wake na kusimama pale hadi nimeze kidonge. Kiungulia kikizidi natafuna vidonge vya magnesiamu. Usiku usingizi umekuwa wa shida na moyo unanienda mbio, nami nikifika sokoni nakunywa kahawa ili nisisinzie mbele ya wateja.

Nikikataa kugawa, nitaitwa mchoyo katika nyumba ya watu. Tayari mama amekwisha kusema, huku akimenya ndizi na bila kunitazama, kwamba wake wa siku hizi huja na roho za mjini. Nikigawa, kisha kitu kikamtokea wifi au mtoto aliye tumboni, nitamjibu nini mume wangu? Nimewaza hata kusema kwamba dawa zimeisha, halafu nizifiche ndani ya nguo za kuuza. Naomba mwongozo wako, kwa sababu kila njia ninayoitazama ina mtu atakayeumia.

Msomaji wa Kibosho

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa maradhi na kwa haya yaliyofuata baada ya maradhi.

Nikikuelewa vizuri, unaulizwa swali la dawa lakini linalokunyima amani ni swali la undugu. Mtu aliyekuuguza ana maumivu, mkononi mwako una kitu kinachoonekana kuwa tiba, na mkubwa wa nyumba ametamka hadharani kwamba ukitoe. Katika hali hiyo neno la tabibu, aliye mbali na asiyejua nani aliamka usiku kukukanda, huonekana dogo. Sitakuambia kwamba mama mkwe wako ana roho mbaya, kwa sababu barua yako yenyewe inaonyesha kinyume chake. Ninachotaka tufanye ni kuyachukua yale ambayo nyumba yenu imeyakubali kuwa kweli, tuyaulize maswali kidogo, kisha uone mwenyewe njia zilizobaki.

Nianze na lile la kwamba ugonjwa ni ule ule. Dalili zinafanana, hilo halina ubishi, lakini mjamzito huenda chooni mara kwa mara hata akiwa mzima, na mkojo kuwaka kunaweza kuletwa na fangasi za ukeni, ambazo hutokea kwa urahisi zaidi wakati wa mimba, au na ugonjwa wa zinaa ambao haujapimwa. Fangasi hazitibiwi kwa antibayotiki. Dawa hizo huweza hata kuzizidisha, kwa kuwa huua pia vijidudu vyema vinavyozizuia. Wewe ulipimwa mkojo kabla ya kuandikiwa. Yeye bado, kwa hiyo hakuna mtu nyumbani kwenu, nami nikiwemo, anayejua anaumwa nini.

Tuseme kipimo kingeonyesha kweli kwamba ana maambukizi ya njia ya mkojo. Hata hapo siprofloksasini si dawa ambayo tabibu huikimbilia kwa mjamzito, kwani kwa kawaida huiepuka pale zinapokuwepo nyingine zilizozoeleka kwa usalama wa mimba. Zipo, na makusudi sizitaji kwa majina, kwa kuwa najua jina likichapishwa leo hununuliwa kesho dukani na mtu ambaye hakuandikiwa. Kuna pia hesabu ya dozi: nusu ya dozi yako ingeweza kumpunguzia maumivu na kuacha vijidudu vikiwa hai, na maambukizi ya mkojo yasiyotibiwa vizuri wakati wa mimba huweza kupanda kwenye figo kama yalivyofanya kwako, na huongeza uwezekano wa uchungu kuanza kabla ya wakati. Zaidi ya hayo, vile vidonge vya kuongeza damu anavyokunywa vina madini ya chuma, ambayo hushikamana na siprofloksasini tumboni na kuizuia isiingie vizuri kwenye damu. Ungejinyima wewe, naye asipate.

Hata kidonge kimoja cha kujaribia kina gharama yake. Tabibu akihitaji kuotesha mkojo, yaani kuukuza maabara ili aone ni kijidudu gani na kinasikia dawa ipi, mkojo uliochukuliwa baada ya mtu kuanza antibayotiki unaweza usioteshe chochote, na majibu yakasema hakuna ugonjwa ilhali upo. Jambo hili nadhani mama mkwe hajawahi kuelezwa na mtu yeyote, na wengi wetu pia.

Sasa tuje kwako, kwa sababu umejisahau katika barua yako. Unasema umepona, na mama anasema hivyo. Homa kuondoka ni ishara njema sana, lakini inaonyesha kwamba vijidudu vimepungua kiasi cha mwili kutulia. Haionyeshi kwamba vimekwisha. Nitakueleza kwa ukweli kwamba hata wataalamu wamebishana juu ya urefu wa dozi. Mwaka 2017 kundi la wataalamu wa Uingereza liliandika katika jarida la madaktari la nchi hiyo kwamba ule wito wa kumaliza dozi yote katika kila ugonjwa hauna ushahidi wa kutosha, na kwa magonjwa kadhaa siku za kunywa dawa zimepunguzwa baada ya utafiti. Lakini ugonjwa wako ni mmojawapo wa hayo. Maambukizi ya figo kwa miaka mingi yalitibiwa kwa wiki mbili, na siku saba ulizoandikiwa ndiyo dozi iliyokwisha kufupishwa. Kuikata tena katikati kwa kipimo cha kujisikia vizuri ni jambo ambalo watafiti hao hawakulisema juu ya ugonjwa huu. Na imani ya kwamba dawa hugeuka sumu kwa aliyepona haina msingi, ingawa naelewa inakotoka: mtu huona madhara ya dawa yakiendelea wakati maumivu ya ugonjwa yamekwisha, akahitimisha kwamba sasa dawa ndiyo inayomla.

Kuhusu madhara hayo, nina shaka juu ya kikombe cha maziwa, na nasema hivi nikijua kimetolewa kwa upendo. Siprofloksasini ikinywewa kwa maziwa au mtindi, kalsiamu iliyomo huikamata tumboni kama vile chuma kinavyofanya, na sehemu ya dawa hupita bila kuingia kwenye damu. Vidonge vya magnesiamu vya kiungulia hufanya hivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi. Maana yake ni kwamba huenda vidonge vyako vya jioni vimekuwa vikifika pungufu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokuhesabu kwamba una akiba ya kugawa. Dawa hii inywe kwa glasi nzima ya maji ya kawaida, na kama tumbo linasumbua, inywe baada ya mlo wako wa kawaida, kwani mlo wa kawaida hauna shida. Shida ni maziwa yenyewe yakiwa ndiyo kinywaji cha kumezea. Maziwa yasogeze mbali na dawa kwa saa mbili hivi au zaidi. Vidonge vya kiungulia ni tofauti: kama huna budi kuvitumia, meza antibayotiki angalau saa mbili kabla yake, au subiri saa sita baada ya kuvitafuna. Ukimwomba mama akupe kikombe chake mchana badala ya jioni, utakuwa umeyapokea maziwa na dawa pia itakuwa imepata njia.

Nacho kisa cha kukosa usingizi pengine kiko sokoni. Siprofloksasini hulifanya ini liondoe kafeini polepole, hivyo kikombe cha kahawa ambacho siku nyingine kingekwisha mwilini kabla ya magharibi sasa hukaa hadi usiku, moyo ukaenda mbio na usingizi ukapotea, kisha asubuhi ukahitaji kahawa nyingine. Kuwaambia watu wa Kilimanjaro waache kahawa ni kujitafutia ugomvi, lakini kwa siku hizi zilizobaki punguza, na chai ya rangi iliyokolea nayo ihesabu humo. Moyo ukiendelea kwenda mbio hata baada ya kuacha, mweleze tabibu, kwa sababu dawa hii peke yake huweza kugusa mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu.

Panga saa zako ziwe na nafasi iliyo sawa, kwa mfano saa moja asubuhi na saa moja jioni. Ukisahau, meza unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki chini ya saa sita kufikia kidonge kinachofuata, hapo ruka na uendelee na ratiba, wala usimeze viwili kwa pamoja kufidia. Kuna dalili ambazo hazisubiri dozi iishe: vipele mwili mzima, midomo au uso kuvimba, au pumzi kubana ni za kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Maumivu au uvimbe nyuma ya kifundo cha mguu, ganzi au kuchomachoma mikononi na miguuni, akili kuchanganyikiwa, au kuharisha kukali hasa kwenye damu, ni za kuacha kidonge kinachofuata na kumwona tabibu siku hiyo. Kichefuchefu chako hakimo katika orodha hiyo, lakini kwa kuwa umeandika kwamba kinakusumbua, na kwa habari ya maziwa na magnesiamu, ningefurahi ukirudi kituoni ukamweleza tabibu jinsi ulivyokuwa ukimeza. Yeye ndiye wa kusema kama siku zilizobaki zinatosha. Usijiongezee wala usijipunguzie mwenyewe.

Nimekaa sana kwenye vidonge. Turudi nyumbani.

Ulipendekeza kuficha dawa na kusema zimeisha. Sikulaumu kwa kuliwaza, na kwa siku chache linaweza kukupa utulivu. Hatari yake ni mbili. Wifi yako atabaki na maumivu yake, na akiona mlango wako umefungwa atatumwa au atajituma dukani kununua vidonge viwili vitatu vya kukatiwa, bila cheti na bila mtu kujua kwamba ni mjamzito, ingawa antibayotiki ni dawa za cheti. Pili, nyumba ya watu watatu haina siri ya muda mrefu. Ukionekana unameza kidonge ulichosema kimeisha, lile neno la roho za mjini litapata ushahidi, na hapo utakuwa unajitetea kwa uongo wako, wala si kwa afya ya mtoto.

Unaweza kukataa waziwazi na kuishia hapo. Ni ukweli, na ni haki yako, ila kukataa peke yake, hata kwa maneno mazuri, humwacha mwenye njaa pale alipokuwa. Ndiyo maana nakuuliza kama ni lazima kukataa kuwe uchoyo. Aliyekuuguza anadai kwako huruma kama ile aliyokupa, nayo haikuwa vidonge. Alikupa muda wake, miguu yake na kuwepo kwake. Je, vitu hivyo unavyo? Siku moja ya soko ukiiacha utapata hasara, hasa baada ya fedha ya mzigo kuondoka, na sitaki kujifanya kwamba hasara hiyo ni ndogo. Wewe ndiye unayejua kama mnaweza kuibeba.

Lingine ni la fedha. Sera ya afya ya nchi yetu imewapa wajawazito msamaha wa malipo katika vituo vya umma, na wifi yako huenda halijui hilo, au analijua na amesikia pia habari za watu walioambiwa dawa imekwisha wakanunue nje, jambo linalotokea. Beba akiba kidogo kwa tahadhari. Lakini nikisoma tena maneno yake, nadhani fedha si kizuizi cha kwanza. Alisema hataki kuulizwa maswali. Mimba ya miezi mitano, vidonge vya damu vya kujinunulia, baba wa mtoto asiyeonekana: naona msichana ambaye bado hajafungua kadi ya kliniki kwa sababu anaogopa dawati lenye swali la mwenza yuko wapi. Huenda nimekosea, nawe unamjua kuliko mimi. Kama niko karibu na ukweli, basi habari ya vidonge vyako imekuwa njia ya kuepuka mlango ule, na hata dozi kamili isingemsaidia katika hilo, kwa kuwa kliniki ndiko atakakopimwa damu, presha, kaswende na virusi vya ukimwi, na kupewa kinga ya malaria. Wenza huhimizwa kufika pamoja, na baadhi ya vituo huomba mjamzito aliye peke yake alete barua ya uongozi wa kijiji au mtaa. Waweza kutangulia kuuliza kituoni kwenu ili asiaibishwe siku hiyo. Kutokuwa na mwenza hakumwondolei stahili ya kuhudumiwa. Ukikaa naye kwenye benchi, mtu wa kuulizwa maswali hatakuwa peke yake.

Na akikataa bado? Hapo huwezi kumburuta. Unaweza kumwomba mhudumu wa afya wa jamii wa kijijini kwenu apite kama anavyopita kwa wengine, au shangazi wa mume wako, kama yupo anayesikilizwa, azungumze naye faraghani. Kila moja ya njia hizo hubeba hatari ya wifi kuhisi kwamba amesengenywa, kwa hiyo pima nani anajua kutunza siri. Kusubiri mume wako ashuke mlimani pia ni njia, na ina heshima yake kwa kuwa ni mdogo wake, ila ugonjwa hauna kalenda ya wageni. Akipata homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno, kutapika, tumbo linalouma kwa vipindi, au kutokwa na damu au maji ukeni, msisubiri mtu yeyote. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Amebaki mama mkwe na kopo lake. Kumfundisha mkwe mbele ya watoto ni kumvunjia heshima, na nadhani hutashinda kwa kutaja usugu wa dawa, ingawa ni jambo kubwa: watafiti wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na vijidudu vilivyoshinda dawa, na Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mapema mwaka 1945 kwamba watu wakijinywea dozi pungufu watavifunza vijidudu kuihimili. Mama hatabadili desturi yake kwa ajili ya Fleming. Lakini katika barua yako kuna jambo linalomgusa yeye mwenyewe. Mtu mwenye kisukari anayetumia vidonge vya kushusha sukari akinywa siprofloksasini, sukari yake inaweza kushuka ghafla hadi akapoteza fahamu. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liongezwe nguvu kwenye maelezo ya dawa za kundi hili. Na kwa waliovuka umri wa miaka 60, hatari ya kano ya kisigino kuvimba au kukatika ni kubwa zaidi. Kwa hiyo vidonge vyako vikiingia kwenye kopo lile, wa kwanza ninayemhofia ni mwenye kopo, siku atakayohisi mkojo unamwaka na kukumbuka kwamba vilimponya mkwe wake.

Ukiona inafaa, mkiwa wawili tu, waweza kumwambia hivi: "Mama, nashukuru kwa ulivyoniuguza. Nimeelezwa kwamba dawa hii si ya mjamzito, na kwa mtu wa kisukari inaweza kushusha sukari mno. Naogopa kwa ajili ya wifi, na naogopa kwa ajili yako. Nataka nimpeleke wifi akapimwe, naomba unibarikie twende, na watoto wabaki nawe." Ombi hilo linampa nafasi yake ya ukubwa, na linamfanya awe mmoja wa waliompeleka. Anaweza kukubali, anaweza kununa. Kama atanuna, huenda neno la tabibu wake wa kliniki ya kisukari likafika mahali ambapo la mkwe halifiki. Siku ya kliniki yake, mwombe abebe kopo zima likaangaliwe, na kilichopitwa na wakati kibaki huko huko kituoni au famasi kwa ajili ya kuteketezwa, kisitupwe chooni wala kwenye migomba.

Sitakuchagulia siku wala maneno, kwa kuwa mimi silali katika nyumba hiyo. Mume wako akishuka, mweleze yote kwa utaratibu uleule ulionieleza mimi, ila anza na habari ya mdogo wake kabla ya habari ya vidonge.